John Hanning Speke

John Hanning Speke (4 Mei 1827 – 15 Septemba 1864) alikuwa afisa wa jeshi na mpelelezi kutoka Uingereza aliyefanya safari tatu katika Afrika ya Mashariki kati ya miaka 1854 na 1863. Anakumbukwa kama Mzungu wa kwanza kuliona ziwa ambalo leo huitwa Viktoria Nyanza, na kama mtu aliyedai kwamba mto Nile unaanzia humo. Dai hilo lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, lakini alipokufa lilikuwa bado halijathibitishwa.

Jina lake limebaki kwenye ramani ya Tanzania katika Ghuba ya Speke, mkono mrefu wa ziwa unaoelekea mashariki kutoka Mwanza hadi kwenye mwambao wa wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu.

Ukoo na ujana

Ukoo wa Speke ulikuwa wa wamiliki wa ardhi katika Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Jina lilijulikana karne mbili kabla ya mpelelezi huyu, hasa kwa ugomvi wa kisiasa. George Speke wa Whitelackington alikuwa mbunge katika karne ya 17. Mwanawe Charles alinyongwa mjini Ilminster mwaka 1685 baada ya uasi wa Duki wa Monmouth, na mwana mwingine, Hugh, alikuwa mwandishi na mchochezi aliyewahi kufungwa gerezani. Speke ni pia jina la kitongoji cha zamani cha Liverpool. Jina hilo halikutokana na safari za Afrika.

John alizaliwa Orleigh Court, karibu na Bideford katika Devon, akakulia kwenye nyumba ya familia iliyoitwa Jordans, karibu na Ilminster. Shule haikumvutia, alipenda kutembea maporini na kuwinda. Mwaka 1844 aliingia jeshi la Kampuni ya Uhindi wa Mashariki, akapigana katika vita dhidi ya Masingasinga huko Punjab. Likizo zake alizitumia kupanda milima ya Himalaya na kuvuka hadi Tibet, akiwinda, akikusanya ngozi za wanyama na kujifunza kupima ardhi. Tabia zake mbili zilionekana mapema: alikuwa na uvumilivu mkubwa wa mwili, na hakuwa na hamu ya kujifunza lugha za watu aliopita kwao. Kihindustani tu ndicho alichokimudu, na jambo hili lilikuja kuathiri kazi yake yote ya baadaye.

Somalia

Mwaka 1854 Speke alifika Aden akiwa na mpango wake wa kwenda kuwinda Afrika. Huko alikutana na Richard Francis Burton, afisa mwenzake aliyekuwa tayari maarufu kwa kuingia Makka akiwa amejifanya Mwislamu, akachukuliwa katika msafara wake. Mwezi Aprili 1855 kambi yao karibu na Berbera ilivamiwa usiku. Mwenzao Stroyan aliuawa. Burton alichomwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili. Speke alikamatwa, akafungwa mikono na kuchomwa mara kadhaa miguuni na mwilini kabla hajajinasua na kukimbilia ufukweni.

Wote wawili walipona, lakini urafiki wao ulikuwa umeingia ufa. Katika mapigano yale Burton alitamka neno ambalo Speke alilichukua kuwa ni kumwita mwoga, na baadaye Burton alitumia shajara ya Speke katika kitabu chake bila kumpa heshima aliyoitarajia. Baada ya kutumikia kwa muda katika Vita ya Krimu, Speke alikubali tena kusafiri na Burton.

Safari ya maziwa, 1856–1859

Walifika Unguja mwezi Desemba 1856, wiki chache baada ya habari za kifo cha Sultani Said bin Sultan. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimewatuma kutafuta ziwa kubwa ambalo wamisionari wa Mombasa walikuwa wamelichora kwenye ramani kwa kufuata masimulizi ya wafanyabiashara wa bara. Msafara uliondoka pwani Juni 1857 ukiwa na wapagazi, watumwa wa kukodi na askari Wabaluchi wa Sultani Majid. Ulifuata barabara ya kawaida ya biashara ya pembe na watumwa kupitia Ugogo hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo, ukafika huko mwezi Novemba.

Inafaa kusema hapa kwamba njia hii haikuwa ya Wazungu kugundua. Wanyamwezi walikuwa wameipita kwa miaka mingi wakibeba pembe hadi pwani, na Waarabu kama Snay bin Amir walikuwa na nyumba na mashamba Kazeh. Snay ndiye aliyewaeleza wageni kwamba hakuna ziwa moja bali kadhaa, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji.

Tarehe 13 Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Burton hakuweza kutembea kwa sababu ya homa, na Speke aliugua macho hata maji ya ziwa aliyaona kama ukungu. Alipokuwa akivuka ziwa kutafuta jahazi, mdudu aliingia katika sikio lake usiku. Alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, kisha kwa kisu kidogo. Sikio lilivimba na kutoa usaha, na kwa miezi kadhaa kila alipopenga kamasi lilipiga mluzi. Upande wa kaskazini wa ziwa waliambiwa kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Tumaini la kupata chanzo cha Nile huko lilififia, ingawa Burton baadaye alilifufua.

Mwezi Juni walirudi Kazeh. Burton alibaki kupumzika, kuandika na kuzungumza na Waarabu. Speke, ambaye hakujua Kiarabu na alichoshwa na maongezi yale, aliomba kwenda kaskazini. Aliondoka tarehe 9 Julai na kikundi kidogo kilichoongozwa na Sidi Mubarak Bombay.

Bombay anastahili nafasi yake hapa. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Uhindini, akapata uhuru wake baada ya kifo cha bwana wake na kurudi Afrika. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho kilichomwezesha kuwa ulimi wa Speke. Kila swali la mpelelezi lilitoka kwa Kihindustani, likageuzwa Kiswahili, kisha mara nyingi Kisukuma au lugha nyingine, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Burton alipodharau habari alizoleta Speke, alishambulia hasa mnyororo huu wa tafsiri.

Walipita Salawe na Nera, nchi ya Wasukuma yenye mifugo na mashamba mengi kuliko walivyoona tangu pwani, magharibi ya eneo ambalo leo ni mkoa wa Simiyu. Mwisho wa Julai walifikia mkono mwembamba wa maji, na tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kwenye kilima karibu na Mwanza, Speke aliliona ziwa lenyewe. Mbele yake palikuwa na visiwa vya miamba na, upande wa kaskazini, Ukerewe. Mtemi Mahaya wa pale na wenyeji wengine hawakuweza kumwambia mwisho wa ziwa upande wa kaskazini uko wapi. Alipotaka mtumbwi wa kuvuka hadi Ukerewe alikuta muda na bidhaa zake haviruhusu.

Alipima urefu wa mahali juu ya usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kuangalia kipimajoto, akapata takriban mita 1,140. Vipimo vya leo vinatoa mita 1,134. Kwa kifaa cha namna ile, hesabu hiyo ilikuwa nzuri ajabu. Kutokana nayo, na kutokana na ukubwa wa ziwa aliousikia zaidi ya kuuona, Speke aliamua papo hapo kwamba Nile inatoka humo. Alikaa kando ya ziwa siku chache tu.

Aligawa majina pia. Mkono ule mwembamba aliuita Jordans Nullah, akiunganisha jina la nyumba ya wazazi wake na neno la Kihindi la korongo. Visiwa aliviita Bengal, kwa kumbukumbu ya jeshi lake. Kilima alikiita Somerset. Yote hayo yamesahauliwa. Jina la Malkia Viktoria pekee lilishika, juu ya ziwa ambalo Wasukuma na majirani zao waliliita Nyanza, wafanyabiashara wa pwani Bahari ya Ukerewe, Waganda Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe.

Tarehe 25 Agosti alikuwa tena Kazeh. Burton hakukubali hoja yake, na baada ya siku chache wakakubaliana kutozungumzia Nile kabisa. Walirudi pwani wakiuguzana. Speke alitangulia kufika London mwezi Mei 1859 na mara moja akaeleza habari zake mbele ya Chama cha Jiografia. Burton alipowasili karibu wiki mbili baadaye, alikuta msafara mpya umeshakabidhiwa kwa mwenzake. Burton alidai maisha yake yote kwamba walikuwa wameahidiana kusubiriana. Hawakupatana tena.

Safari ya pili na Nile, 1860–1863

Safari hii Speke alimchagua mwenzi asiyemshindania: James Augustus Grant, Mskoti aliyewahi kutumika naye Uhindini. Waliondoka pwani mwezi Oktoba 1860 na Wangwana wengi wa Unguja, Bombay akiwa mmoja wa viongozi wao, pamoja na askari kumi kutoka Rasi ya Tumaini Jema ambao wengi wao walishindwa na homa na kurudishwa.

Unyanyembe ilikuwa vitani. Waarabu walikuwa wamemwondoa mtemi Mnywa Sere kwa sababu aliwatoza ushuru wa pembe, naye akawa anakata njia zao. Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo mwaka 1861. Wapagazi hawakupatikana, njaa iliingia, na kila mtemi njiani alidai hongo yake ya nguo, shanga na waya. Msafara ulipoteza karibu mwaka mzima kati ya Kazeh na Karagwe.

Karagwe mambo yalibadilika. Mfalme Rumanika aliwapokea kwa ukarimu, akawaeleza habari za milima ya Mfumbiro, yaani Virunga, ambayo vilele vyake walivitazama kwa mbali upande wa magharibi. Speke alieleza kwa kirefu wake wa jumba la kifalme waliolishwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama, na alimpima mmoja wao kwa kamba kama apimavyo mnyama aliyemwinda. Ukurasa huo unasomwa leo kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi.

Grant alipata kidonda kibaya mguuni na akaachwa Karagwe. Speke alienda peke yake Buganda na mwezi Februari 1862 akafika mbele ya Kabaka Muteesa I, kijana aliyekuwa na ufalme wenye barabara pana, jeshi na baraza lenye adabu kali. Alikaa huko miezi mitano, nusu mgeni nusu mateka, akigawanya muda wake kati ya Kabaka na mama yake malkia, ambaye alitaka dawa. Zawadi yake iliyopendwa zaidi ilikuwa bunduki. Speke mwenyewe aliandika kwamba Kabaka alimpa mtumishi mmoja bunduki iliyojazwa, akamtuma nje akajaribu kumpiga mtu, na kijana akarudi amefurahi kwamba imefanya kazi. Hakuna dalili kwamba mtoaji wa zawadi aliona sehemu yake katika tukio hilo.

Mwezi Julai waliruhusiwa kuondoka. Speke alimwelekeza Grant aende moja kwa moja Bunyoro, naye akageukia mashariki. Sababu aliyoitoa ni mguu wa Grant. Wapinzani wake walisema hakutaka mtu wa pili mahali pale. Tarehe 28 Julai 1862 alifika Jinja, ambako maji ya ziwa yalimiminika juu ya miamba kuelekea kaskazini. Waganda waliyaita mahali pa mawe; Speke aliyaita Maporomoko ya Ripon, kwa jina la rais wa Chama cha Jiografia. Maporomoko hayo hayaonekani tena: yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954.

Baada ya kukaa kwa Omukama Kamurasi wa Bunyoro, wasafiri walielekea kaskazini. Mto ulipopinda kwenda magharibi pale Karuma waliuacha na kukata nchi kavu, kwa hiyo hawakuliona Ziwa Albert. Walifika Gondokoro Februari 1863, wakakutana na Samuel Baker na mwenzi wake Florence waliokuwa wakija kuwatafuta. Kutoka Misri Speke alituma simu London kwamba suala la Nile limekwisha.

Mabishano na kifo

Halikuwa limekwisha. Speke alikuwa ameliona ziwa upande wa kusini mwaka 1858 na upande wa kaskazini mwaka 1862, lakini kati ya sehemu hizo hakuwa amelizunguka. Hakuweza kuonyesha kwamba ni ziwa moja, wala kwamba mto wa Jinja ndio uleule alioukuta Gondokoro. Baadhi ya vipimo vyake vya urefu, vikipangwa mfululizo, vilifanya mto upande mlima. Alikiudhi Chama cha Jiografia kwa kupeleka habari zake kamili kwa mchapishaji badala ya jarida la chama, na alimshambulia hadharani John Petherick, mfanyabiashara aliyetakiwa kumngoja na vyakula Gondokoro, kwa ukali usiolingana na kosa. Waliokuwa marafiki zake walianza kumkwepa.

Burton alitumia nafasi hiyo na kutetea tena Tanganyika kama chanzo. Mjadala kati yao ulipangwa kufanyika Bath tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wanasayansi na watu kama David Livingstone. Siku moja kabla, Speke alikaa kidogo kwenye kikao cha utangulizi ambako Burton pia alikuwepo, kisha akatoka. Alasiri hiyo alikwenda kuwinda kware kwenye shamba la jamaa yake huko Neston Park. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ilifyatuka, na risasi zikamwingia chini ya kwapa la kushoto. Alikufa baada ya dakika chache, akiwa na umri wa miaka 37. Hakuwa ameoa.

Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ilikuwa ajali. Burton na wengine waliamini alijiua kwa kuogopa mjadala. Mahali jeraha lilipokuwa na jinsi alivyoishika bunduki akipanda ukuta vinapatana zaidi na ajali, na wanaoandika maisha yake siku hizi wengi wako upande huo. Alizikwa Dowlish Wake, Somerset. Mnara wa mawe uliojengwa kwa heshima yake katika bustani za Kensington, London, ulitaja ziwa na mto bila kusema wazi kwamba aligundua chanzo. Familia yake iliruhusiwa kuongeza mamba na kiboko katika nembo yake.

Stanley, Simiyu na Ghuba ya Speke

Aliyemaliza hoja ni Henry Morton Stanley. Mwanzoni mwa 1875 alifika Kageyi, kwenye ufuko wa kusini wa ghuba, eneo ambalo leo liko wilaya ya Magu. Tarehe 8 Machi alishusha mashua yake majini na kuanza kulizunguka ziwa lote kwa kufuata pwani. Alianza kwa kuelekea mashariki ndani ya ghuba, akapita mdomo wa mto Simiyu, kisha akazunguka Ukerewe na kwenda kaskazini. Baada ya karibu miezi miwili alirudi Kageyi akiwa na uhakika kwamba ziwa ni moja na kwamba mto mmoja tu mkubwa unatoka humo, kule Jinja. Ghuba aliyoanzia aliipa jina la Speke. Kwa hiyo jina hili halikuwekwa na mwenyewe. Ni deni lililolipwa miaka 11 baada ya kifo chake.

Stanley alikwenda mbali zaidi. Katika mito inayoingia ziwani kutoka kusini aliuona Simiyu kuwa muhimu, akaandika kwamba matawi yake ndiyo chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Kwa miaka kadhaa, basi, heshima iliyogombaniwa kule Bath ilikuwa ya nchi ya Wasukuma wa Maswa, Meatu na Bariadi. Mwaka 1892 Oscar Baumann kutoka Austria, aliyefika Ghuba ya Speke akitokea nyanda za Serengeti, aliendelea hadi Burundi na kuonyesha kwamba matawi ya mto Kagera yanaanzia kusini zaidi. Tangu hapo Simiyu uliondolewa katika orodha. Ni mto wa msimu: masika hujaa na kuvunja kingo zake, kiangazi huacha mchanga na madimbwi ambamo watu huchimba visima vya kunyweshea ng'ombe.

Mkoa uliopewa jina la mto huo ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake ni Bariadi. Kati ya wilaya zake ni Busega tu inayogusa ziwa, na maji hayo ya Busega ndiyo Ghuba ya Speke. Mito ya Mbalageti na Grumeti, inayotoka Serengeti, huingia katika ghuba hiyohiyo. Kwa wakulima wa pamba na wafugaji wa bara la mkoa, ambako ukame huja mara kwa mara, ghuba si habari ya wapelelezi bali ni chanzo cha maji: mradi mkubwa wa bomba umepangwa kuyatoa Busega hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu.

Uhuru wa kuyatumia maji hayo haukupatikana bila ubishi. Swali la Speke lilipopata jibu, Uingereza ilitambua kwamba anayeshika ziwa anashika Nile, na hilo lilichangia kuivuta Uganda. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Misri ikubali kwanza kabla ya kazi yoyote ya kupunguza maji katika mto au maziwa yake yaliyokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika chini ya Julius Nyerere ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba huo, na mwaka 2010 Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kutia sahihi mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile.

Nadharia ya Wahima

Sehemu ya urithi wa Speke yenye madhara makubwa zaidi haihusu maji. Katika kitabu chake cha 1863 alijiuliza jinsi falme zenye mpangilio kama Karagwe, Buganda na Bunyoro zilivyoweza kutokea. Badala ya kuwasikiliza wenyeji, alidhani kwamba watawala wao, Wahima na Watutsi, walitoka Uhabeshi na walikuwa wa mbari iliyo bora kuliko raia wao. Hakuwa na ushahidi ila sura za watu na masimulizi ya Biblia yaliyotafsiriwa kwa mtazamo wa wakati wake.

Wazo hilo lilipokewa na maafisa wa Ujerumani na Ubelgiji na baadhi ya wamisionari, likaingia mashuleni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji nchini Rwanda waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Baadaye wanasiasa wenye chuki waligeuza hadithi ileile na kuwaita Watutsi wageni wanaopaswa kurudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto. Mwaka 1994 miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ilielea katika Kagera na kufika Viktoria Nyanza. Speke hakuyapanga hayo, na kati yake na mauaji kuna wengi waliobeba lawama nzito zaidi. Lakini historia ya wazo hilo haiwezi kuandikwa bila kumtaja.

Kwa wasaidizi wake wa Kiafrika alikuwa mtu wa hasira na wa shukrani kwa zamu. Stanley alisimulia kwamba meno yaliyokosekana kinywani mwa Bombay yaling'olewa na ngumi ya Speke. Hata hivyo Speke alimsifu Bombay katika vitabu vyake kuliko Mwafrika mwingine yeyote. Bombay aliendelea kusafiri na Stanley na Cameron, akapewa nishani na pensheni na Chama cha Jiografia, na kufariki mwaka 1885.

Mahali na viumbe vyenye jina lake

Mbali na ghuba, jina la Speke limepewa mlima wa Ruwenzori wenye mita 4,890, nchini Uganda, ambao hakuwahi kuufikia. Alioupa jina ni Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, aliyepanda vilele vya Ruwenzori mwaka 1906. Duki huyo alikuwa amerudi miaka michache tu kutoka Aktiki, ambako alitumia meli ya Kinorwe iliyowahi kumpeleka Fridtjof Nansen hadi Greenland. Desturi ni ileile kote wapelelezi hao walikopita, lakini si mzigo uleule: majina ya Nansen na Amundsen katika Antaktiki yaliwekwa juu ya barafu isiyo na wakazi, ilhali katika maziwa ya Afrika kila kilima na ghuba ilikuwa na jina kabla mgeni hajafika.

Huko Kampala kuna barabara na hoteli zenye jina hili, na karibu na Jinja kuna mnara mahali aliposimama mwaka 1862. Wataalamu wa wanyama walilitumia kwa swala wa Somalia, kwa aina ya kobe, kwa ndege mmoja wa jamii ya kwera, na kwa nzohe, paa wa vinamasini ambaye Speke alimjua kwa mara ya kwanza Karagwe na ambaye leo anaishi kwa usalama katika kisiwa cha Rubondo.